Shimo la sonde kwenye bomba la moshi: tulizibe wakati gani, na kwa kitu gani?



Kwa kawaida kurasa hizi zinasema juu ya mbegu, nafasi za kupandia na namna ya kulinda ghala. Leo tunatoka shambani na kuingia chini ya gari. Sababu iko wazi: gunia la mahindi lililobaki Nyunzu halina bei ya Kalemie. Treni ya Kabalo–Kalemie ikikawia, mahindi, karanga, mihogo mikavu na mafuta ya mawese yanategemea gari. Na gari ikikula esanse kupita kiasi, esanse hiyo inalipwa na sisi wote, hata yule ambaye hajapanda ndani yake siku moja.

Tunapotembelea koperative, tunaona jambo moja mara kwa mara: bomba la moshi, lile mafundi wetu wanaita eshapema, lina shimo la mviringo lenye uzi kama wa bulo. Mara limeachwa wazi, mara limezibwa kwa kijiti au kitambaa. Shofere atakwambia, "Ile haina shida, ilikuja hivyo." Tuone kama kweli haina shida.

Mwisho wa somo hili mwanachama, na zaidi mjumbe wa kamati anayeangalia gari, aweze:
– kujua shimo hili ni la nini;
– kutambua kama kweli halitumiki, au kama kuna kitu kimekosekana;
– kusimamia fundi alizibe vizuri, kwa kitu cha bei ndogo, kazi idumu.

1. Shimo hili ni la nini?

Gari nyingi za esanse zinazotumia kompyuta kupima mafuta zina kifaa kinachoitwa sensa ya oksijeni. Mafundi wetu wengi wanasema sonde tu, kwa Kifaransa. Kinafanana na buji: kina kichwa cha chuma, uzi, na waya moja mpaka nne zinazotoka nyuma. Kinafungwa kwenye bomba la moshi, ncha yake ndani ya moshi. Gari za kwanza kuwa nacho zilikuwa za Volvo, mwaka 1976, na kifaa chenyewe kilitoka kwa kampuni ya Bosch ya Ujerumani.

Kazi yake ni kunusa. Ili esanse iungue vizuri, kilo 1 ya esanse inahitaji kilo 14.7 hivi za hewa. Sonde inapima kama ndani ya moshi kumebaki oksijeni. Ikibaki nyingi, inaambia kompyuta, "Esanse ni kidogo, ongeza." Ikibaki kidogo sana, inaambia, "Esanse imezidi, punguza." Mazungumzo hayo yanaendelea wakati wote injini ikiwa na moto.

Gari nyingi zina sonde mbili. Ya kwanza iko karibu na injini, kabla ya kataliza, lile tumbo la chuma linalosafisha moshi. Hiyo ndiyo inayoongoza kipimo cha esanse. Ya pili iko nyuma ya kataliza, na kazi yake hasa ni kuchunguza kama kataliza bado inafanya kazi.

Basi kwa nini tunakuta shimo tupu? Sababu za kawaida ni tatu:
– Bomba lilinunuliwa la zamani, limetoka kwenye gari nyingine yenye sonde mbili, na gari yetu inahitaji moja tu.
– Injini ilibadilishwa. Iliwekwa ya mazutu ya zamani, au ya kabureta, ambayo haina sonde kabisa, lakini bomba lilibaki lilelile.
– Sonde iliharibika, fundi akaitoa, na hakuna aliyenunua nyingine.

Sababu mbili za kwanza zinatupa shimo lisilotumika kweli. Ya tatu siyo. Tutarudi kwenye tofauti hiyo, maana ndiyo moyo wa somo.

2. Shimo wazi linaleta hasara gani?

*Hasara ya esanse.* Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya mto. Unatoka kwa mapigo, kama moyo unavyopiga. Katikati ya pigo na pigo, nguvu ndani ya bomba inashuka, na shimo lililo wazi linavuta hewa ya nje kuingia. Kama shimo liko mbele ya sonde inayofanya kazi, au karibu nayo, sonde inanusa hewa hiyo na kudanganyika. Inaambia kompyuta iongeze esanse, wakati esanse ilikuwa ya kutosha. Ni kama mtu anayepima maji ya mfereji chini ya mahali ambapo mfereji mwingine umeingilia: kipimo chake ni cha kweli, lakini maji si yale.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme gari yenu inakula lita 14 kwa kilomita 100, na kwa sababu ya shimo inaongeza lita 2. Kwa safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 400, hizo ni lita 8 zilizopotea. Kwa safari 3 kila mwezi ni lita 24. Zidisheni kwa bei ya esanse ya kwenu, muone ni magunia mangapi ya mahindi.

Lakini tuseme ukweli wote: kama gari haina sonde inayofanya kazi, au kama shimo liko mbali nyuma yake, esanse haitabadilika sana. Hata hivyo hasara mbili zinazofuata zinabaki palepale.

*Hasara ya afya, na hii inaua.* Ndani ya moshi wa gari kuna gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Moshi wa esanse unakuwa nayo nyingi kuliko wa mazutu. Gesi hii inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu anapumua lakini mwili unakosa hewa. Moshi unaopaswa kutokea nyuma ya gari unatokea chini ya miguu ya abiria, na unaingia kupitia matundu ya sakafu, njia ya waya na milango mibovu.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kulegea, kuchanganyikiwa, na mwishoni kuzimia. Hapa kwetu watu wengi watasema ni malaria. Angalieni hivi: watu wawili au watatu wa gari moja wameanza kuumwa kichwa pamoja, hawana homa, na wakishuka na kupumzika nje wanapata nafuu. Hapo fikirieni moshi kwanza. Simamisheni gari, zimeni injini, toeni watu wote kwenye hewa safi, na mpelekeni kwenye kituo cha afya mtu aliyezimia, mwenye maumivu makali, au mama mwenye mimba hata kama anajisikia vizuri. Mtoto aliye tumboni anaumia zaidi kuliko mama yake.

Na yule anayelala ndani ya gari usiku injini ikiwa na moto, ili achaji simu au apate joto, ajue anacheza na maisha.

*Hasara ya moto.* Karibu na injini, moshi wa gari ya esanse unaweza kupita digrii 600 za joto. Ukitoka kwa nguvu kwenye shimo unakuwa kama mdomo wa moto mdogo. Mbele yake kunaweza kuwa na waya za umeme, mpira wa breki, au bomba la esanse. Wakati wa kiangazi, gari ikisimama juu ya majani makavu kando ya shamba, moto unaweza kuanzia chini yake. Gunia tupu lililoning'inia kupitia sakafu nalo linashika haraka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa una upana wa milimita 18 tu.

3. Swali la kwanza: je, kweli halitumiki?

Kabla ya kumwita fundi, kamati ifanye uchunguzi huu. Hauhitaji ufundi, unahitaji macho.

1. Injini ni ya nini? Ikiwa ni ya mazutu ya zamani, au ya esanse yenye kabureta isiyo na kompyuta, mara nyingi shimo halitumiki.

2. Kuna waya inayoning'inia? Tazameni sentimita 50 kuzunguka shimo, na juu yake kuelekea injini. Mkiona plagi ya waya isiyoshikana na kitu, au waya zilizokatwa na kufungwa kwa plastiki, shimo lilikuwa na mwenyewe. Sonde imeondolewa.

3. Taa ya injini kwenye tablo inasema nini? Geuzeni ufunguo bila kuwasha: taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini inapaswa kuwaka. Injini ikishika moto, inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuwaka, kuna kasoro ambayo kompyuta imeona. Isipowaka kabisa tangu mwanzo, ulizeni: labda mtu aliitoa ili mnunuzi asione.

4. Bomba lilitoka wapi? Angalieni kwenye daftari la matengenezo. Kama hakuna daftari, lianzeni leo.

Kama majibu yanaonyesha sonde imeondolewa, na hasa ile ya kwanza karibu na injini, kuziba siyo dawa. Kuziba kutazuia moshi na moto, hilo ni jema, lakini kompyuta itabaki kipofu. Gari isiyo na sonde inafuata kipimo cha kukisia, na mara nyingi inakisia kwa kuongeza esanse. Zibeni kwa muda kama fedha haipo, lakini andikeni tarehe ya kununua sonde, na fedha itengwe. Mtu asiwaambie kwamba kizibo kimemaliza kazi.

Kama majibu yote yanasema hakuna sonde iliyokosekana, endeleeni na kuziba kwa kudumu.

4. Vitu tusivyotumia

– Kijiti, kitambaa, gunia, karatasi: vinaungua.
– Udongo wa mfinyanzi: unakauka, unapasuka na kuanguka kwa mtikiso wa barabara.
– Plastiki, mpira, utepe mweupe wa mafundi wa maji: vinayeyuka, na moshi wake ni sumu.
– Silikoni ya kawaida: haivumilii joto hili, na mvuke wake unaweza kuharibu sonde nzima iliyo karibu.
– Aluminiamu: inayeyuka kwenye digrii 660. Karibu na injini hiyo ni hatari.
– Bulo ya kawaida iliyogongwa kwa nyundo: inaharibu uzi wa shimo, na kesho kizibo cha kweli hakitashika tena.

5. Namna ya kuziba

*Vifaa:* kizibo cha chuma au cha shaba nyeupe, rondeli ya shaba nyekundu, brashi ya waya, mafuta kidogo ya kulegezea kutu, na kle inayolingana na kichwa cha kizibo.

Kizibo cha kununua ni kipi? Mashimo mengi ya sonde yana upana wa milimita 18, na hatua ya uzi ni milimita 1.5. Mafundi wanaandika M18 × 1.5. Hapa watu wanadanganyika: bulo ya kawaida ya milimita 18 ina uzi mkubwa, hatua ya milimita 2.5. Unaonekana upana ni uleule, lakini haingii. Baadhi ya vizibo vya mafuta ya giaboksi vina uzi huu mdogo, hivyo tafuteni pia kwa wauza piyesi za zamani. Njia nzuri kuliko zote ni kubeba sonde ya zamani kwenda dukani kama kipimo.

Na kama sonde iliyokufa bado mnayo, na mwili wake haujavunjika, tayari mna kizibo bila kulipa kitu. Kateni waya, irudisheni mahali pake.

*Hatua kwa hatua:*

1. Simamisheni gari mahali tambarare. Acheni bomba lipoe, angalau saa moja. Wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mtu asiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Wekeni chini yake magogo mazito yanayoweza kubeba uzito.

2. Safisheni shimo kwa brashi. Ondoeni masizi na kutu mpaka uzi uonekane.

3. Ingizeni kizibo kwa vidole, bila kle. Kinapaswa kuzunguka angalau mara tatu kwa ulaini. Kikikwama kwenye mzunguko wa kwanza, kitoeni: kimeingia upande, au siyo uzi wake. Msilazimishe.

4. Pimeni urefu. Uzi wa kizibo usipite sana urefu wa uzi wa sonde, la sivyo ncha itasimama katikati ya njia ya moshi.

5. Wekeni rondeli ya shaba. Kama ni ya zamani, ipasheni moto mpaka iwe nyekundu, kisha itumbukizeni majini. Shaba inakuwa laini tena na kufunga vizuri.

6. Pakeni uzi mafuta ya shaba ya kuzuia kukwama, kidogo tu, ili mwaka ujao kizibo kiweze kutoka.

7. Kazeni kwa kle. Nguvu inayotakiwa ni niutoni-mita 40 hivi. Kwa watu wasio na kle ya kupimia, fikirieni bido ya lita 20 iliyojaa maji, imening'inizwa kwenye mpini wa kle, sentimita 20 kutoka kwenye kizibo. Uzito huo ndio nguvu ya mkono wenu. Kama mmepaka mafuta, punguzeni kidogo. Msirefushe mpini kwa bomba.

*Kama shimo halina uzi.* Gari nyingi za Toyota za miaka ya 1990 zina sonde inayoshikwa kwa bulo mbili ndogo pembeni. Hapo kizibo ni bamba la chuma la milimita 3 au zaidi, lenye matundu mawili yanayolingana na bulo hizo, na chini yake pakingi ya bomba la moshi. Kazeni ekru zote mbili kidogo kidogo kwa zamu, ili bamba lisiegemee upande mmoja.

*Kama uzi umekufa.* Fundi wa kuchomelea anaweza kufunga shimo kwa kipande cha chuma. Kwanza toeni waya wa betri, maana umeme wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya gari. Bomba litolewe kwenye gari ikiwezekana, na kazi ifanyike mbali na tangi la esanse. Asitumie kipande chenye rangi ya zinki kama bati la nyumba: moshi wake mweupe unampa fundi homa. Mjue pia kwamba shimo lililochomelewa halirudi kuwa shimo, kwa hiyo hakikisheni sehemu ya 3 imefanyika.

6. Kujaribu kazi

Bomba likiwa baridi, pakeni maji ya sabuni kuzunguka kizibo, kisha washeni injini mahali pa wazi. Mtu mmoja aweke kitambaa kizito kwenye mdomo wa nyuma wa bomba kwa sekunde chache tu, bila kuziba kabisa. Mapovu yakitokea kwenye kizibo, au mkisikia sauti ya "sss", bado kunavuja. Maliza mapema, kabla bomba halijapata joto.

Baada ya safari ya kwanza, na bomba likiisha kupoa, kazeni tena kidogo kama kimelegea. Baada ya wiki moja tazameni kwa tochi: alama nyeusi ya masizi kuzunguka kizibo ni ushahidi wa moshi unaotoroka.

7. Ikitokea njiani

Kati ya Nyunzu na Kalemie garaji haziko kila kijiji. Kizibo kikianguka porini, subirini bomba lipoe, kunjeni kipande cha kopo la chuma mara mbili au tatu juu ya shimo, kifungeni kwa waya wa chuma kuzunguka bomba. Hiyo ni ya kufikia garaji tu. Fungueni madirisha yote, abiria wasikae juu ya sehemu inayovuja, na simameni mara kwa mara kuangalia kama kuna kitu kimeanza kuungua.

8. Neno juu ya motere nyingine

Gesi hii haichagui gari. Motere ya kusaga na pampu ya maji nazo zinaitoa. Bomba la moshi la kinu litoke nje ya nyumba, lisiishie ndani ambapo mama anasubiri unga akiwa na mtoto mgongoni. Pampu ya esanse isiteremshwe kamwe ndani ya kisima.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano

1. Gari inayobeba mazao yetu ina mashimo mangapi ya sonde? Nani aliyatazama kwa macho yake?
2. Kuna waya inayoning'inia? Taa ya injini inafanya nini?
3. Gari inakula lita ngapi kwa kilomita 100? Kama hatujui, nani atapima?
4. Nani anakaa wapi tunaposafiri, na kuna abiria aliyewahi kulalamika kichwa?

Kazi ya kufanya kabla ya toleo lijalo

Jazeni tangi mpaka juu, andikeni namba ya kilomita. Baada ya safari jazeni tena mpaka juu, andikeni lita zilizoingia na kilomita zilizotembewa. Fanyeni hivyo safari mbili kabla ya kuziba na safari mbili baada ya kuziba, mzigo ukikaribiana. Gari ikiwa ya kukodi, kamati iombe ruhusa ya mwenye gari na imwonyeshe hesabu hiyo, maana lita anazopoteza yeye zinarudi kwetu ndani ya bei ya usafiri. Leteni namba zenu kwa mhamasishaji wa eneo lenu, nasi tutazipanga pamoja ili koperative zote zilinganishe.